Godoro Halirudishi Fimbo

Elibariki mwanangu,

Salamu tutapeana kesho alfajiri pale gari linapopakia, mbele za watu, na mimi nitacheka na kukuambia safari njema kama mama wengine wote. Kwa hiyo hapa salamu nazipita. Habari za sweta, za kutokula ovyo njiani na za kumpigia bibi yako simu kila Jumapili nazo nazipita, maana umezisikia mpaka zimekuchosha. Nina jambo moja tu. Nimeshindwa kulisema kwa mdomo tangu juzi, kwa sababu kila nikitaka kulianza nahisi kichefuchefu.

Ni ile video.

Ulinikuta jikoni nachambua maharage, mahindi ya makande yapo motoni, ukanishikisha simu na kusimama nyuma yangu unahema kama mtoto anayengoja asifiwe. Nikaangalia. Kwaya yetu imejipanga kwenye mawe pale mtoni, kinamama wamevaa magauni ya rangi ya chungwa yanayometameta, maua ya plastiki yamechomekwa kwenye majani mabichi kana kwamba huku kijijini Vudee hatuna maua. Katikati ni wewe, suti nyeupe, miwani ya jua, siku yenyewe ya ukungu. Mikono yako inazunguka dramu bila kukwama popote, inatoka snea, ile ngoma ya mbele ya magoti, inapanda ngoma ndogo, inashuka ngoma nene, inagusa toazi, inarudi nyumbani. Nikasema moyoni, mtoto huyu mikono anayo. Halafu nikaliangalia toazi.

Toazi lilikuwa limetulia tuli. Toazi likipigwa huyumba, mwanangu, hata ukilipiga kwa ukucha. Hilo lilikuwa limelala usingizi wa pono, na wewe unalichapa huku umetabasamu.

Nikakuuliza, "Mbona hii dramu hailii?"

"Ah, Mama, si inalia kwenye wimbo! Ule mlio ni wa mashine, umetengenezwa studio. Pale mtoni tulikuwa tunafuatisha spika. Mimi niliweka vipande vya godoro juu ya ngoma ili zisipige kelele."

"Godoro lipi?"

"Lile langu la zamani. Nimekata kona tu, Mama, usikasirike."

Nikakuuliza kama huyo mwimbaji wa Dar aliyekuita baada ya kuiona video ana dramu ya kweli. Ukacheka. Ukaniambia, "Mama nawe! Siku hizi nani anapiga? Mimi natakiwa nionekane tu."

Nikasema haya. Nikarudi kwenye maharage yangu, na siku hiyo makande yakaungua mpaka yakashika chini ya sufuria, mimi nimekaa mbele ya moto naangalia. Baba yako akadhani nalia kwa sababu unaondoka. Sikuwa nalia, nilikuwa nimeshikwa na kinyaa. Nilijisikia kama mtu aliyeuma embe akakuta nusu ya funza.

Usidhani kinyaa hicho ni chako peke yako. Ile mikono najua ilikotoka. Ilitoka kwangu, na mimi niliitoa kwenye video nyingine ya uongo vilevile.

Nilipokuwa msichana wa umri wako, hapa kijijini televisheni ilikuwa moja, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na betri ya gari. Jumapili baada ya ibada tulijazana sebuleni kwake kuangalia kanda za kwaya za mjini. Wenzangu waliangalia magauni. Mimi niliangalia mpiga dramu mmoja mwembamba, mwenye mikono mirefu, aliyekuwa anazizunguka ngoma zake kama mtu anayegawa chakula kwa wageni wengi na hakuna anayesahaulika. Nikampenda. Simaanishi kumpenda kwa kuolewa, nilipenda ile mikono, nikaitaka iwe yangu.

Nikaanza kujifunza nyuma ya banda la mbuzi. Nilipindua ndoo, nikapindua madumu, nikaning'iniza mfuniko wa sufuria ya mama yangu kwa kamba ya mgomba uwe toazi. Kila Jumapili nilienda kwa mwalimu kutazama tena, nikirudi naiga. Mkono wa kulia unapita juu, wa kushoto unapita chini, bega linalegea, kichwa kinainama kidogo upande. Nilijifunza mpaka lile tabasamu. Mama yangu akawa ananipitia na kuni kichwani ananiambia, "Nakiete, mbuzi wameacha kula kwa ajili yako." Sikujali. Nilikuwa najua kila kitu ulichofanya mkono wa yule mtu.

Ila kamera, Eli, haikumwonyesha miguu hata mara moja. Na mimi kwa ujinga wangu sikuwahi kujiuliza miguu ilikuwa wapi.

Ndipo kanisa letu likapata dramu, na ibada ya mavuno ikakaribia. Mwalimu wa kwaya akauliza nani anaweza. Vijana wa kiume wakaangalia chini. Nikasimama. Kinamama wakaguna, mmoja akanivuta sketi nikae, nikamtoa mkono. Siku ya mavuno nikakaa kwenye kile kiti mbele ya ndizi, mahindi, majogoo na tangawizi zote za Vudee, na mbele yangu kukawa na ile ngoma kubwa inayolala chini. Nilikuwa nimeiona kwenye video. Ilikuwa imeandikwa jina la kwaya. Kwa hiyo nilidhani ndiyo kazi yake, ni ubao wa jina, wameufanya mviringo ili upendeze.

Cheka tu. Mimi mpaka leo sijaweza.

Wimbo ukaanza, mikono yangu ikaanza kuzunguka, na nakuambia ilizunguka vizuri. Lakini chini hakukuwa na kitu. Kwaya ilikuwa inatafuta mahali pa kukanyaga na haipaoni. Na hapo juu nilikuwa napiga ngoma pale yule mtu wa kwenye video alipopiga, kumbe yeye alikuwa anaenda kwenye ngoma ili mkono upendeze, wimbo ulikuwa na mambo yake mengine. Besi wakaenda kwao, soprano wakaenda kwao. Ubeti wa pili haukufika mwisho. Mwalimu wa kwaya aliendelea kupunga mikono peke yake kidogo, kwa heshima, halafu naye akaacha. Katika ukimya ule, bibi mmoja wa benchi la mbele, ambaye kwa uziwi wake hajui kunong'ona, akamuuliza jirani yake, "Huyu binti wa watu anafukuza nzi?"

Kanisa zima likacheka. Mchungaji aliinama kama anasoma. Nilitoka nje kwa mlango wa nyuma, nikatapika kwenye migomba. Ndiyo maana nakuambia kinyaa hiki nakijua.

Kilichofuata hujawahi kukisikia vizuri, kwa sababu hata baba yako hapendi nikisimulie. Mjomba wangu Senkondo alikuwa anashusha tangawizi Same kwa lori siku za soko. Nikamwomba anipeleke kwa mtu anayejua. Akasema anayejua yupo mmoja, lakini si mtu wa kanisani. Akanipeleka baa ya pale barabara kuu, mchana kweupe, viti vimepinduliwa juu ya meza, na nyuma kabisa kwenye jukwaa la mbao kuna mzee anaitwa Kasimba. Alitoka Tabora zamani kuja kukata mkonge, mkonge ukamshinda, akabaki kwenye bendi.

Mwanangu, sijawahi kuona mtu mchafu kama yule. Alikuwa anatafuna tumbaku na kutema kwenye kopo la rangi alilolitega pembeni ya kiti, na mara nyingi alilikosa. Kitambaa alichojifutia jasho ndicho alichofutia meza. Kucha ndefu, nyeusi. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimebana pumzi. Akasema, "Marahaba. Kaa, nioneshe."

Nikamwonesha mikono yangu. Aliniangalia mpaka mwisho, akatema, akasema, "Binti, haya ni maigizo. Umejifunza kwa bubu."

"Nimejifunza kwenye video."

"Ndiyo huyo bubu. Video zile wanawasha redio, mtu anarusha mikono. Nimezifanya mimi, wakanipa soda." Akanitazama kama mimi ndiye uchafu mle ndani. "Yaani umekaa nyuma ya mbuzi unaiga mtu ambaye hapigi. Mungu wangu."

Nilichukia. Nilimchukia yeye, nikamchukia yule mwembamba wa kwenye kanda, nikajichukia mimi zaidi. Lakini siku ya soko iliyofuata nilipanda tena lori.

Kwa muda mrefu hakunipa fimbo. Alinipa pedeli tu, ile ya kukanyaga ili ngoma kubwa ya chini ilie. "Tembea," anasema, halafu anaenda kulala kwenye benchi. Nikisimama, anaamka. Nilitembea kwa mguu mmoja nimekaa kitini, hadi nikipanda huku mlimani kwa miguu nasikia mguu wangu unahesabu mawe. Siku aliponirudishia fimbo akanikataza kwenda popote. Snea tu. Aliniambia niache kuishika fimbo kama mwiko wa ugali, niilegeze, nidondoshe, nitazame inachofanya. Nikadondosha. Ikaruka.

"Nani ameirusha?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe umeangusha. Ngoma ndiyo imekurushia. Sasa ikiwa juu, kabla haijaamua kushuka, ndipo unachagua ishuke wapi. Hapo hapo. Ukichelewa utaikimbiza, na mtu anayekimbiza ngoma anatia huruma."

Eli, siri yote ya kuzunguka dramu ni hiyo, sina nyingine. Mkono hauendi kwenye ngoma kwa nguvu zako. Unaenda kwa nguvu uliyorudishiwa na ngoma uliyotoka kuipiga. Snea inakutupia, ngoma ndogo inakupokea na kukutupia, unafika unakokwenda mapema, unakaa, unangoja wakati wako. Watu wakiona wanasema mikono yake laini. Mikono haina habari, kazi inafanyika miguuni na kiunoni. Mimi siri hiyo niliielewa siku moja shambani, siyo baa. Nilikuwa napalilia tangawizi kwenye lile tuta letu la juu mteremkoni, pale ukiinua mguu ovyo unaokotwa kwa jirani. Pale huhamishi miguu. Unaikita, unageuka kiuno, na jembe linafika kila mahali. Nikasimama na jembe langu nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Wiki ile nilipokaa kwenye dramu ya Kasimba nilikita miguu nikageuka kiuno. Yeye alikuwa anatema pembeni, tone likanirukia kwenye sketi ya kanisani, na nikajaa hasira hata nikasahau kwamba nina mikono. Nikapiga. Nikazunguka nzima, nikarudi, nikazunguka tena, mguu chini unatembea. Nilipomaliza alikuwa amesimama. Akafuta mdomo kwa kile kitambaa chake. "Sasa usirudi hapa," akasema. "Utaanza kupenda pombe." Hiyo ndiyo pongezi niliyopata, na sikumwona tena.

Ningeishia hapo ungeona mama yako alishinda. Sikushinda.

Nilirudi kanisani, nikapiga, kwaya ikapata mahali pa kukanyaga. Lakini wazee wakalalamika kwamba mwanamke anakaa amepanua miguu madhabahuni. Wakataka nitolewe. Kinamama wakanitetea kwa akili yao, wakaleta kitenge, wakakitundika mbele ya dramu kutoka upande hadi upande. Nikawa naonekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Nilikasirika Jumapili ya kwanza. Ya pili nikasikia mtu anasema, "Tazama mikono ya Nakiete." Ya tatu nikavaa bangili.

Unaona? Niliposhushiwa pazia nikalizoea, nikalipenda. Miguu ilikuwa inafanya kazi yote kule nyuma, jasho linatiririka mpaka kwenye viatu, na mimi nageuza kiwiko ili benchi la mbele lifurahi. Ningeweza kukitoa kile kitenge. Wale wazee wengine wamekufa, wengine wamesahau walichokataza. Sikukitoa. Wewe ulikulia kwenye benchi la watoto unaniangalia, na ulichokiona ni mikono juu ya kitenge. Ulipoanza kupindua ndoo zangu nyumbani, nilikusifia nini? Mikono. Niliwaita majirani waje waone mikono ya mwanangu. Mguu nilikuja kukufundisha baadaye, kwa haraka, kama mtu anayekumbuka kutia chumvi wageni wameshanawa. Nikifikiria hivyo najiona mchafu kuliko Kasimba, maana yeye alitema pembeni.

Hata hivyo uliupata, na hili ndilo linaloniuma. Unaikumbuka harusi ya binamu yako kule Kihurio? Umeme ukakatika katikati ya wimbo. Kile kinanda chenu kinachojipigia ngoma kikafa, spika zikafa, maharusi wamesimama na keki mkononi. Na wewe hukuacha. Joto lile la bondeni, koti umelitupa, mguu wako ukashika harusi nzima ukaitembeza. Nilikuwa nimekaa nyuma na masufuria, nikasimama. Sikuona mikono yako, kulikuwa na giza la turubai na watu wamejaa mbele. Nilikusikia tu. Nilisikia ngoma moja inakukabidhi kwa nyingine, hakuna pengo, hakuna kukimbizana, na shangazi yako mwenye goti bovu anacheza kama hajui goti ni nini. Nililia pale, nikaweka kisingizio cha moshi.

Halafu ukaja umelowa, unahema, ukaniuliza, "Mama, nani amerekodi?"

Hakuna aliyerekodi. Watu wote walikuwa wanacheza. Nikaona uso wako unasinyaa, ukaenda kukaa peke yako nyuma ya turubai, kama mtu aliyeibiwa. Ile ndiyo siku uliyopiga vizuri kuliko zote, na uliihesabu kuwa hasara. Nilipaswa kukufuata nikuambie. Niliendelea kuosha sahani.

Basi nakuambia leo. Sikukatazi kwenda Dar. Umri wako nilipanda lori kwenda baa, kwa hiyo sina mdomo wa kumkataza mtu. Suti nyeupe siipendi lakini vaa. Mashine ipige kama wanataka, dunia imeshaamua na mimi siwezi kubishana nayo nikiwa huku Vudee. Ninachoogopa ni kile kipande cha godoro. Godoro halirudishi fimbo. Unapiga, fimbo inakufa pale pale. Inabidi uinyanyue mwenyewe, uibebe mwenyewe hadi ngoma inayofuata, uidondoshe, ife tena. Fanya hivyo mwaka mmoja, mkono wako utasahau kupokea. Utabaki na mikono mizuri ya kubeba fimbo huku na huku. Siku umeme ukikatika, na utakatika, utakaa pale na tabasamu lako, hujui mguu uko wapi, na bibi mmoja wa mbele atauliza kama unafukuza nzi.

Na kuna watu wako hivyohivyo, utawakuta huko. Unawapa kitu hawakurudishii chochote, wanasema safi, safi sana, nzuri, na ukitoka pale huna nguvu ya kwenda popote. Mimi Kasimba alinitemea kwenye sketi, nikatoka na kitu nitakachozikwa nacho. Sikuambii utafute watu wachafu. Nakuambia ukikutana na anayekuudhi kwa jambo la kweli, usihame benchi haraka.

Nimemaliza, ila nimefanya mambo mawili bila kukuuliza.

La kwanza, jioni hii nilipita kanisani nikakitoa kile kitenge. Kimechakaa, kimejaa vumbi na kinyesi cha popo, nilikishika kwa ncha za vidole. Nimekifua, nimekianika juu ya jiko kikakauka. Kimo ndani ya begi lako, chini. Jumapili nitapiga bila pazia, na mwenye macho ataniona miguu, uzee wenyewe huu.

La pili, nilipokuwa nakiweka nikavikuta vile vipande vyako vya godoro, umevipanga vizuri ndani ya mfuko. Umekata ile kona uliyokuwa unalalia kichwa ulipokuwa mdogo. Nimeitambua kwa lile doa la dawa ya kikohozi. Nikavishika, nikataka kuvinusa, na kinyaa kikanishinda.

Sufuria ya makande ilikuwa bado imelowekwa, imeshika masizi ndani mpaka nilifikiri nitaitupa. Nimeisugua kwa vipande vyako vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka vikaisha. Sufuria inang'aa. Wakikuuliza huko Dar viko wapi, waambie hivyo, kisha kaa, kita mguu kwenye pedeli, na upige mpaka waombe usimame.

Mimi mama yako,
Nakiete